Wageni wa Maji ya Chumvi

Gesti ya Madam Abbo,
Tororo Mjini.
Jumatano baada ya Pasaka.

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Mukhwana,
Lumino.

Mulembe, Baba. Natumaini barua hii itakukuta umekaa mbele ya nyumba na redio yako, macho yametulia na goti la kushoto limeacha kelele zake za msimu wa mvua. Mama hajambo? Muhogo umeshika? Na yule mbuzi mwenye tabia mbaya bado anaingia jikoni, au mlimfanyia Pasaka? Mimi ni mzima kabisa, namshukuru Mungu. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu wewe mwenyewe ulisema simu inakula maneno na kurudisha mifupa. Na nakuandikia kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho ulichotuletea kutoka Sio Port ulipokuwa ukipeleka samaki kule, ukatukataza kuomba chai kwa lugha nyingine. Mwambie Annet mdogo wangu akusomee polepole, asiruke mistari, na asicheke kabla hujacheka wewe.

Nianze na lililo kubwa ili moyo wako utulie: bado nina kazi. Nasema hivi kwa sababu sijasahau maneno yako siku niliyofunga begi mwezi wa kwanza. Ulisema hujawahi kusikia binti wa mvuvi akienda kulipwa kwa kuwatazama samaki wasioliwa, na kwamba maharagwe ya Mama hayatakomaa kabla sijarudi. Haya, Baba, maharagwe nasikia mmeshayala, na mimi niko hapa hapa. Lakini kidogo tu ungeshinda wewe, na jinsi ilivyokuwa ndiyo habari ya barua hii.

Wewe tangi lenyewe uliliona ulipopita hapa mwezi wa pili ukitoka kwa daktari wa macho. Annet hakuliona, kwa hiyo nimweleze naye. Ni sanduku la kioo, refu kama kitanda cha mtoto, limekaa hapo mapokezi wageni wanapoandikisha majina. Madam Abbo aliishi Mombasa miaka mingi akiendesha hoteli, na aliporudi kwao Tororo kufungua gesti hii alikataa kuiacha bahari nyuma. Basi tunaitengeneza wenyewe. Tunanunua chumvi maalumu, tunaikoroga kwenye maji mpaka yafanane na ya baharini, na humo wanaishi samaki saba wadogo wa kila rangi. Wawili ni wa machungwa wenye mistari myeupe, hawaachani hata kidogo. Madam anawaita Maharusi. Kazi yangu ni mapokezi na tangi: kupokea wageni wanaolala vitandani na kuwatunza hawa wanaolala majini.

Chumvi nilikuwa naifuata Busia, ng'ambo ya mpaka, kwa kijana mmoja anaitwa Arthur ambaye huletewa vitu vya samaki kutoka pwani. Siku ya kwanza kurudi nayo, afisa mmoja pale mpakani aliuliza kama ni ya kula. Nikasema ni ya samaki. Akauliza kama ni ya kukaushia samaki. Nikasema hapana, ni ya samaki waishi ndani yake. Alinitazama kwa huruma, Baba, kama mtu aliyetoroka hospitali, akaniambia nipite tu, mama, nenda pole pole.

Mwezi wa kwanza tangi lilikuwa linang'aa. Shida ilianza muda mfupi baada ya wewe kupita hapa. Na nikuambie ukweli, siku zile mimi nilikuwa na hasira nawe. Ulikaa kwenye kile kiti cha mapokezi, ukauliza hawa wanatoka wapi, nikakuambia bahari ya Mombasa. Ukasema mbali. Ukauliza wanakula nini, nikakuambia chakula chao maalumu, kibano kidogo tu cha vidole viwili, mara moja kwa siku. Ulinikazia jicho kama mtu aliyesikia nimewanyima wageni wake maji. Hukumaliza chai. Ukatoka, ukasimama getini kwa muda na Omoding, askari wetu wa usiku aliyekuwa anaingia zamu, nami nikadhani unamuuliza njia ya kwenda stendi. Hukurudi hata kusema nimeona kazi yako, mwanangu. Nilijiambia basi, Baba ameniona na ameona haya. Nililia kidogo chooni, kisha nikanawa uso kwa sababu kulikuwa na mgeni kutoka Mbale.

Baada ya hapo kioo kikaanza kuota ukijani. Nikikisugua asubuhi, jioni umerudi. Mawe yakaota nywele za kijani, ndefu, zikicheza kwenye maji kama ndevu za mzee. Nikazing'oa kwa mkono. Zikaota tena, tena kwa kiburi! Halafu kikaja kitu kibaya zaidi, utando mwekundu wa rangi ya damu iliyokauka, unateleza, una mapovu, umefunika mchanga wote kama mtu ametandaza blanketi. Harufu yake, Baba, weee! Mgeni mmoja alilipia chumba, akanusa, akaomba radhi, akaenda kulala gesti ya jirani. Nilipokuwa naona majani tu nilivumilia. Lakini asubuhi moja nikamkuta Bibi Harusi amelala ubavu karibu na uso wa maji, anahema, mdomo wazi, na mumewe anamzunguka anamzunguka. Mimi ambaye nimekulia kwenye mashua ya samaki wafu nilisimama pale machozi yananitoka kwa samaki asiyetosha hata kijiko.

Madam Abbo si mtu wa kelele, ndiyo maana anatisha. Aliniita ofisini akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Jumatatu ya Pasaka wakwe wanakuja kumposa binti yake Akello, na watapokelewa hapo hapo mapokezi. Kama wakati huo tangi bado ni kinamasi, atalitoa, samaki atawagawa, na mahali pake ataweka friji ya soda. Na friji ya soda, alisema, haihitaji mtu wa kuitunza. Aliniambia hivyo akinimiminia chai. Nilitoka pale nikifikiria safari ya kurudi nyumbani. Nilikuona wewe, Baba, kwenye kile kiti chako, unauliza kama nimeleta angalau samaki mmoja wa kukaanga.

Nikampigia Arthur. Akaniuliza natumia maji gani. Nikasema ya kisima cha pampu, safi, hata sisi tunayanywa. Akasema yanayotufaa sisi yanayafaa na majani, kwani yana madini yanayoyanenepesha. Nikaanza kukinga maji ya mvua, nikiacha mvua ioshe paa kwanza. Akaniambia taa ya tangi inawaka muda mrefu mno, niipunguze. Nikapunguza. Akaniuzia konokono wa baharini wanaokula ukijani, na pampu ndogo ya kuyasukuma maji kwenye pembe zilizolala, maana ule utando mwekundu, alisema, si majani hata kidogo, ni bakteria, nao wanapenda maji yasiyotembea na chakula kinachooza. Hapo kwenye chakula akasema kwamba tunawalisha kupita kiasi. Nikaapa. Kibano kimoja, mara moja kwa siku! Arthur akasema basi dada, kuna mtu mwingine anayelisha.

Baba, nilifunga khanga kiunoni nikawa polisi. Nilikaa siku nzima nikijifanya napiga deki mahali pale pale. Wa kwanza kunaswa alikuwa Benedeta, mpishi wetu, mama mnene mwenye moyo wa dhahabu. Alikuja na chapati yake, akasimama mbele ya kioo, akauma, akakata kipande, akakidumbukiza. Nilipomrukia hakuona hata aibu. Aliniuliza mimi nimelelewa wapi, kwamba wageni wamekaa wanamtazama mdomoni akila, na yeye ameze tu? Kwao Kiyeyi, alisema, mgeni hulishwa kabla ya kuulizwa jina. Wa pili alikuwa fundi wa umeme, na biskuti. Wa tatu, naandika jina lake kwa heshima, alikuwa Madam Abbo mwenyewe, na wali wa jana. Alisema ni punje chache tu, na kwamba Maharusi walikuwa wanamwangalia vibaya.

Hebu fikiria! Watu wote wa nyumba moja, kila mmoja kwa siri yake, wakiwalisha wageni saba wenye matumbo ya ukubwa wa harage, kwa sababu hakuna aliyezoea kula mbele ya mtu asiyekula. Nilimweleza Madam kwamba kinachobaki kinaoza, na kinachooza ndicho kinachomlisha yule adui mwekundu. Alielewa mara moja. Akawakusanya wafanyakazi wote wa mchana akapiga marufuku, na alianza kwa kujipiga marufuku yeye.

Nikanyonya utando wote kwa mpira, nikabadilisha maji kidogo kidogo, kisha tukafanya dawa kali aliyoisema Arthur, giza. Tulizima taa tukalifunika tangi lote kwa blanketi la Madam la maua kwa siku tatu, pampu ya hewa ikiendelea kunguruma humo ndani. Wageni waliingia, wakaona kitu kirefu kimefunikwa mapokezi, wakavua kofia. Mchungaji mmoja aliuliza kama marehemu alikuwa wa familia. Tulipofunua, Baba, kulikuwa kweupe! Mchanga mweupe, maji kama hayapo, Maharusi wanacheza. Benedeta alipiga vigelegele mpaka mgeni wa chumba cha pili akatoka na taulo.

Furaha yangu haikufika mbali. Zilikuwa zimebaki wiki mbili tu kufika Pasaka nilipoona doa jekundu, dogo kama kucha, kwenye pembe iliyo karibu na mlango. Nikalinyonya. Kesho yake limerudi na ndugu zake. Nikamwendea Benedeta kwa hasira, akaapa kwa Biblia yake kwamba siku hizi anakula ameupa ukuta uso. Fundi alishahamia kazi nyingine. Madam naye nilimtazama tu, akainua mikono. Nikaanza kuamini ni mimi nisiyejua kazi, na kwamba Baba aliona sawa tangu mwanzo.

Hapo sasa, Baba, kaa vizuri. Annet, soma polepole.

Nilifungua chujio la tangi kuosha sponji lake. Ndani, katikati ya uchafu, nikaona vitu vidogo vya fedha vinang'aa. Nikavikusanya kiganjani. Magamba. Na vijicho vyeusi. Mukene! Dagaa wa ziwani, ndani ya bahari ya Madam Abbo! Na katika gesti hii mukene hawaingii kabisa, kwa sababu Madam akinusa harufu yao kichwa kinamuuma. Niliwasaga kati ya vidole, nikasubiri kusikia mchanga, maana unajua mukene wa sokoni hapa, wanaokaushwa chini, ukitafuna meno yanalia. Hakukuwa na punje moja. Nikajua ni mukene waliokaushwa juu ya wavu ulioinuliwa kwenye miti. Na kule Majanji namjua mtu mmoja aliyegombana na ufuo mzima kwa ukaidi wake wa kukaushia juu ya wavu, akasema hataki mwanawe atafune mchanga. Mtu huyo ndiye anayesomewa barua hii.

Nilimsubiri Omoding. Lazima nikuambie kwamba huyu askari alikuwa amenichosha. Kila jioni akiingia zamu, kabla hata ya salamu, ananiuliza: Taaka, umekula? Kila jioni! Nikisema bado, ananifukuza niende jikoni kabla hajachukua funguo. Mwanzoni nilidhani ananitaka. Baadaye nikadhani yeye ndiye ana njaa. Siku ile nilimwambia nimekula, nikajificha nyuma ya pazia. Akatazama huku, akatazama kule, akatoa mfukoni mkebe wa majani ya chai, akafungua, akachota mukene kwa vidole vitatu. Nilipotokea, mzee wa watu aliangusha kofia ndani ya tangi.

Aliketi chini akanieleza kila kitu, Baba, na hakuwa na woga. Alisema siku ile getini hukumuuliza njia. Ulimuuliza kama ana mabinti. Alipokuambia ana watatu, wawili wakiwa mbali, ulimwambia kwamba wale samaki wametoka mbali na kwao kama Taaka wako, wamewekwa kati ya watu wasiowajua, na wanapewa kibano kimoja kwa siku. Ukasema wewe huwezi kuja Tororo kila jioni kuangalia kama binti yako amekula. Basi yeye awape wale wageni kwa niaba yako, na Mungu atatafuta mtu wa kumlisha mtoto wako naye. Na ukamwagiza, kama mzazi kwa mzazi, asiache siku ipite bila kuniuliza kama nimekula. Ukampa mkebe wa mukene. Na kila ukiisha umekuwa ukituma mwingine kwa yule mama anayeuza samaki hapa sokoni. Nikamuuliza Omoding kama hakusikia marufuku ya Madam. Akasema Madam alipotangaza mchana yeye alikuwa amelala, na baadaye alisikia, lakini marufuku ilikuwa ya Madam na ahadi ilikuwa ya mzee, na yeye hakuona jinsi ya kuivunja bila mzee mwenyewe kuwapo.

Baba. Nilikaa pale sakafuni karibu na Omoding nikacheka mpaka nikalia, na nikalia mpaka nikacheka. Mimi nilidhani umeniona ukaona haya! Kwa ajili ya jambo hilo sikuja nyumbani mwezi wa tatu ingawa nilikuwa na ruhusa, nikamwambia Mama kazi ni nyingi. Kazi haikuwa nyingi. Niliogopa uso wako. Na wakati wote huo kila jioni mtu alikuwa ananiuliza swali lako, nami namjibu kwa kununa.

Madam nilimwambia yote kesho yake, kwa sababu sikutaka Omoding aumie kwa kutii. Alisikiliza, akatoa leso, akasema tu kwamba yeye angependa kumsalimu huyo mzee kwa mkono. Kisha akasema marufuku ni ile ile. Omoding sasa anajua kwamba chakula kinachobaki ndicho kinacholisha utando. Nilimwambia ahadi ameitimiza, na kwamba mimi kama mtoto wako namfungua. Nikanyonya utando kwa mara ya mwisho, tukafunika tena blanketi, na Jumamosi kabla ya Pasaka tukalifunua. Wakwe walipokuja Jumatatu, bibi mzaa baba wa kijana anayeposa alikataa kuingia sebuleni kwenye viti vya heshima. Alivuta stuli akakaa mbele ya Maharusi, akasema posa iendelee huko, yeye yuko hapa. Madam alinitazama kutoka ng'ambo ya chumba akaniitikia kwa kichwa mara moja. Jana ameniambia kazi ni yangu mpaka nichoke mwenyewe. Friji ya soda imewekwa baa.

Nakuja Jumamosi ijayo, nina siku mbili. Nitakuja na picha za tangi uzione kwa macho yako mapya, na Madam ametuma kitenge kwa Mama. Msalimie Mama sana, umwambie asifiche maharagwe yaliyobaki. Msalimie Shangazi, jirani zetu wote, na watu wa kanisa, na wewe Annet asante kwa kusoma, sasa mpe Baba kitambaa na usijifanye huoni. Benedeta anawasalimu. Omoding anakusalimu kama ndugu, na anasema mabinti wake wote wamempigia simu siku ya Pasaka.

Na Baba, yule mama wa sokoni akipita, tuma mkebe mwingine. Usiupeleke getini. Hapa tunapika nyama kila siku, na tangu mwezi wa kwanza sijaonja mukene asiye na mchanga, na kumbe walikuwa hapo mlangoni wakiliwa na wageni wenzangu. Mkebe huu ni wangu mimi.

Umeniuliza kila jioni, na leo nakujibu kwa mkono wangu: ndiyo, Baba, nimekula.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Jovia Taaka